Saa moja ya PLC si saa moja ya Mtwara: kuzielewa rejista maalumu za data

Msimu mmoja wa korosho nilipigiwa simu kabla sijamaliza chai. Katika kiwanda kidogo cha kubangua, pembezoni mwa mji wa Mtwara, tanuri la kukaushia lilikuwa halijamaliza kazi ya usiku. Kwa asiyejua: korosho ikishabanguliwa hupangwa kwenye trei, huingizwa tanurini na kukaushwa kwa joto la nyuzi 70 hivi, kwao kwa muda wa saa nane, ili lile ganda jembamba la ndani liachie na mmenyaji alitoe kwa vidole bila kuivunja. Trei zilipaswa ziwe zimepoa asubuhi ile. Badala yake zilikuwa bado motoni, na kina mama wanaomenya, ambao hulipwa kwa kilo, walikuwa wamekaa kwenye mabenchi mikono mitupu.

Msimamizi wa zamu ya jioni, mama mmoja, alikuwa hajaenda nyumbani. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono hadi kwenye skrini ya kugusa. "Mwanangu, mimi nimeandika saa moja, kama ulivyonionyesha. Tena magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa."

Kweli, pale palipoandikwa "kuanza" palikuwa na namba 1. Alichokifanya kilikuwa sahihi kwa mtu yeyote anayezungumza Kiswahili: saa moja usiku ni saa moja. Lakini kifaa kinachoendesha tanuri lile, kiitwacho PLC, kina kisanduku chake cha kuwekea saa, na kisanduku hicho huhesabu kuanzia usiku wa manane. Saa moja usiku yetu, chenyewe kinaandika 19. Namba 1 kwake ni saa saba usiku. Tanuri lilichelewa kuwaka kwa saa sita kamili, na kosa lilikuwa la kwangu mimi niliyeandika programu, si la mama yule.

Kisanduku kile ni mojawapo ya rejista maalumu za data. Nimewaona mafundi wengi wazuri wa kusini, wanaojua kufunga kontakta na kusoma mchoro wa nyaya bila shida, wanazipita rejista hizi kama vile hazipo. Nataka nizieleze kwa kirefu, kwa sababu ndizo mahali ambapo PLC inazungumza habari zake yenyewe.

PLC ni kompyuta ndogo ya viwandani inayopangiwa programu ya kuendesha mashine. Inasoma vitufe na sensa, inafanya uamuzi, inawasha na kuzima mota, vali na taa. Ilianzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, viwanda vya magari vilipochoka kufungua makabati mazima ya relei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, na kuunganisha nyaya upya kila walipobadili toleo la gari. Leo huku kwetu utaikuta kwenye viwanda vya korosho, kwenye pampu za maji, kwenye mashine za kufungasha, na kwenye mitambo mikubwa kama ya saruji na gesi, ingawa huko mifumo ni mipana zaidi kuliko nitakayoieleza hapa.

Ndani ya PLC kuna kumbukumbu iliyogawanywa visanduku. Kimoja kinaitwa rejista. Katika PLC nyingi ndogo kila rejista ina biti 16, yaani nafasi 16 za 0 au 1, kwa hiyo inabeba namba nzima kuanzia -32,768 hadi 32,767. Namba ikizidi hapo, rejista mbili zinazofuatana hushikana mikono na kuwa moja ya biti 32. Mpaka hapo ni hesabu tu.

Tofauti inayosumbua watu ni ya umiliki. Fikiria karani wa ghala la chama cha msingi wakati wa msimu. Ana daftari. Kurasa nyingi ni za wakulima: jina, idadi ya magunia, kilo. Kurasa hizo ziko wazi, anaandika kile wakulima wanacholeta. Lakini nyuma ya daftari ana kurasa zake mwenyewe: amefungua ghala saa ngapi, mizani ilikaguliwa lini, umeme ulikatika mara ngapi, gunia lipi lilileta ubishi. Mkulima anaweza kuomba asomewe kurasa zile, na nyingine chache anaweza kumwelekeza karani aandike nini, lakini hawezi kuja na kalamu yake akajaza kilo zake humo.

Rejista za kawaida ni zile kurasa za mbele. Rejista maalumu ni kurasa za karani.

Nitatumia mfano wa familia ya FX ya Mitsubishi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye tanuri lile, aina ya FX1S. Humo rejista za kawaida zinaanza D0 hadi D127. D128 hadi D255 nazo ni zako, ila zinatunza namba hata umeme ukikatika. Kisha, mbali zaidi, kuanzia D8000 hadi D8255 ni eneo la rejista maalumu. Kila moja ina kazi iliyopangwa kiwandani ilikotengenezwa, na huwezi kuihamisha. Ukiona kwenye programu herufi D ikifuatiwa na namba ya 8000 kwenda juu, jua umeingia kurasa za karani. Zina ndugu zao pia, relei maalumu zinazoanza na M8000. Ndugu hawa husema ndiyo au hapana tu, wakati rejista zinataja kiasi. M8000 kwa mfano huwa imewaka muda wote programu inapokimbia, na M8002 huwaka mara moja tu, katika mzunguko wa kwanza baada ya PLC kuanza kazi.

Nimetaja mzunguko. Bila kuuelewa huu, nusu ya rejista maalumu hazitakuwa na maana.

PLC haifuatilii sensa zako kila wakati. Inafanya kazi kwa kuzunguka: inasoma viingilio vyote kwa pamoja, inapitia programu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, inatoa amri kwenye vitokeo vyote, inaanza tena. Mzunguko mmoja huitwa skani. D8010 inakuambia skani ya sasa imechukua muda gani, D8011 inatunza muda mfupi kuliko yote, D8012 mrefu kuliko yote. Kipimo chake ni sehemu ya kumi ya milisekunde, kwa hiyo ukisoma 125 maana yake ni milisekunde 12.5. Wengi hukosea hapa, wanasoma 125 na kuanza kuogopa.

Kwa nini ujali? Kwa sababu ya kuhesabu. Tuseme una mkanda unaobeba magunia na sensa ya mwanga inayoyahesabu. Gunia linakaa mbele ya sensa sekunde nzima au zaidi; hakuna tatizo. Sasa mtu anakuja na wazo la kuhesabu korosho moja moja zikiteleza kwenye mfereji. Korosho inapita mbele ya sensa kwa milisekunde chache. Ikiwa skani inachukua 12.5, korosho inaweza kupita wakati PLC imeinamia programu yake, haijainua macho. Haikuonekana, haikuhesabiwa, na hakuna taa yoyote itakayowaka kukuambia.

Kuna kizuizi kingine kabla hata ya skani. Viingilio vya PLC vina chujio linalozuia mitetemo ya vitufe na swichi isihesabiwe kama kubonyezwa mara tano. Muda wa chujio hilo kwa baadhi ya viingilio umo kwenye D8020, na kiwandani huwekwa 10, yaani milisekunde 10. Kwa hiyo alama lazima ikae ikiwa imewaka kwa muda wa chujio na skani kwa pamoja, 10 na 12.5, ni milisekunde 22.5, na lazima ikae ikiwa imezima kwa muda kama huo. Jumla 45. Gawanya sekunde moja kwa hizo: upate alama 22 tu kwa sekunde. Korosho ya 23 ikija, hesabu yako imeanza kudanganya. Nimeona ugomvi kati ya mwenye mashine na mpimaji uliotokana na hesabu hii peke yake, kila mmoja akimshuku mwenzake wizi. Dawa ni kutumia kihesabuji cha kasi kilichojengwa ndani ya PLC kwa kazi hiyo, ambacho hakisubiri skani, au kuipunguza D8020 ukiwa umejiridhisha kwamba sensa yako haitetemi.

Sasa D8000, ambayo ni ya kwanza katika orodha na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Hii inashika muda wa mlinzi. Kiwandani imewekwa 200, yaani milisekunde 200. Mlinzi huyu anaangalia skani ikianza na ikiisha; isipoisha ndani ya muda huo, anaamini kwamba programu imejisokota mahali, anasimamisha PLC, anazima vitokeo vyote na kuwasha taa ya hitilafu. Ni kitu chema sana. Mota ya mkanda au hita ya tanuri inayoendelea kuwaka huku ubongo wake umekwama ni jambo la kuua mtu au kuteketeza jengo.

Sasa fundi anaitwa, anakuta taa ya hitilafu, anasoma mahali kwamba D8000 inaweza kuongezwa, anaandika 2000. Taa inazimika, analipwa, anaondoka. Ameondoa nini? Amemwambia mlinzi asinzie sekunde mbili nzima. Kuna programu ndefu halali zinazohitaji 250 au 300, na zipo njia safi za kumtuliza mlinzi katikati ya programu ndefu. Lakini ukikuta PLC ndogo ya tanuri au ya pampu inavuka 200, angalia kwanza kama kuna amri ya kuruka inayorudi nyuma au kitanzi kinachozunguka mara nyingi kupita ilivyokusudiwa. Soma D8012. Kama siku zote ilikuwa 80, yaani milisekunde 8, na ghafla inakaribia 2000, yaani milisekunde 200, programu au data imebadilika, na kumpa mlinzi muda zaidi hakutibu chochote.

Jambo dogo la kukumbuka: rejista kama D8000 na D8020 hurudi kwenye namba za kiwandani kila umeme unapowashwa. Ukiandika thamani mpya kwa laptopu leo na ukaondoka, umeme ukikatika usiku thamani yako imekwenda. Thamani unayoitaka lazima iandikwe na programu yenyewe katika skani ya kwanza, kwa kutumia ile M8002.

Kwenye uso wa FX1S, ukifunua kifuniko kidogo, utaona vitobo viwili vyenye vichwa vya kuzungushwa kwa bisibisi nyembamba. Watu hudhani ni skrubu za kufungia. Ni virekebishi, na nafasi zake husomwa na D8030 na D8031, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255. Ukiifanya D8030 kuwa muda wa taima inayohesabu kwa hatua za milisekunde 100, yule anayeendesha mashine anaweza kuzungusha kwa bisibisi akapata kuanzia sifuri hadi sekunde 25.5, bila laptopu, bila kumwita fundi kutoka mjini. Kwa kiwanda kilichoko Tandahimba au Nachingwea hilo si jambo dogo, maana nauli ya fundi inaweza kuzidi bei ya kilichoharibika.

Joto la tanuri lenyewe lilikuwa linaingia kupitia kadi ndogo ya kusomea umeme wa analogi iliyochomekwa usoni mwa PLC, na thamani yake hutua kwenye D8112 kwa njia ya kwanza na D8113 kwa njia ya pili. Sensa inatoa mkondo wa miliampea 4 ikiwa nyuzi 0 na miliampea 20 ikiwa nyuzi 100. Kadi inaugeuza mkondo huo kuwa namba kuanzia 0 hadi 2000, baada ya kuwasha relei M8112 kuiambia kwamba kinachokuja ni mkondo, si volti. Nyuzi 70 basi ni 1400. Hesabu rahisi, na inapendeza kuiona namba ikipanda taratibu kadiri tanuri linavyopata moto.

Lakini hapa pana mtego niliotaka kuutaja kwa msisitizo. Panya akikata waya wa sensa, mkondo unakuwa sifuri. D8112 nayo inasoma 0. Programu isiyofikiri mbele inaelewa kwamba tanuri lina baridi ya nyuzi 0, inawasha hita, inaendelea kuwasha, haioni joto likipanda, inaendelea. Wakati huo ndani ya tanuri korosho zinaungua, na mafuta ya maganda yaliyosalia yanashika moto kirahisi. Tulichofanya ni kuongeza sharti: D8112 ikiwa chini ya 200, yaani chini ya nyuzi 10, hita isiwake kabisa na king'ora kilie. Mtwara mjini hakuna asubuhi ya nyuzi 10, hata Julai. Namba ikishuka hapo, waya umekatika, si hewa. Juu ya hapo tukafunga kikata-joto cha pembeni kisichotegemea PLC, kwa sababu rejista ni namba tu na namba inaweza kukosea.

Turudi kwenye saa. Rejista zake ni saba: D8013 sekunde, D8014 dakika, D8015 saa, D8016 tarehe, D8017 mwezi, D8018 mwaka, D8019 siku ya wiki. Mwaka kwa kawaida huandikwa kwa tarakimu mbili za mwisho. Siku ya wiki inaanza na 0 kwa Jumapili na kuishia 6 kwa Jumamosi.

Ona jinsi Kiswahili na PLC vinavyopishana hapo. Majina yetu yenyewe yanahesabu: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Kijana akikuambia "panga mashine isafishwe siku ya tatu", anaweza kumaanisha Jumatatu, na wewe ukiandika 3 kwenye kulinganisha na D8019 umeweka Jumatano. Nimezoea kuandika jina kamili la siku pembeni ya kila mstari kama huo, nisimwachie anayenifuata akisie.

Na saa ndiyo hiyo iliyotuchelewesha. Baada ya siku ile sikutaka tena mtu yeyote kiwandani ajifunze kuhesabu kama PLC. Niliifanya PLC ihesabu kama sisi. Chukua D8015, toa 6. Jibu likiwa chini ya sifuri, ongeza 24. Sasa likiwa kati ya 0 na 11, ni upande wa mchana. Likiwa 12 au zaidi, ni upande wa usiku, nawe toa 12. Mwisho, jibu likiwa 0 andika 12. Jaribu na 19: toa 6, unabaki na 13, ni usiku, toa 12, ni saa moja. Jaribu na 1: toa 6, ni -5, ongeza 24, ni 19, ni usiku, toa 12, ni saa saba. Jaribu na 6: unapata 0, ni mchana, andika 12, saa kumi na mbili asubuhi. Mistari michache tu ya programu. Kwenye skrini tukaweka vitufe viwili, MCHANA na USIKU, na mahali pa kuandika saa. Mama yule aliandika 1, akabonyeza USIKU, akanitazama kwa muda bila kusema neno, kisha akaenda kupanga trei zake.

Saa hiyo ina udhaifu mmoja unaohusu kusini moja kwa moja. FX1S haina betri. Saa yake inashikiliwa na kapasita, kijenzi kinachotunza chaji ya umeme, kwa takriban siku 10 bila umeme. Kiwanda cha korosho kikimaliza mzigo wake kinaweza kufungwa miezi kadhaa mpaka msimu mwingine, swichi kuu chini. Ukirudi, rejista za saa zimepoteza wakati, na tanuri litawaka saa litakayoamua lenyewe. Kuirekebisha: unawasha relei M8015, saa inasimama, unaandika namba sahihi kwenye rejista saba, ukizima M8015, saa inaanza kutembea na namba hizo. Ukikosea, ukaweka mwezi wa 13 kwa mfano, M8019 itawaka kukujulisha. Ndugu yake mkubwa FX2N anatumia betri ya volti 3.6, na huko D8005 inakusomea nguvu ya betri hiyo: 36 ni volti 3.6, na ikishuka chini ya kiwango kilichomo D8006, M8005 inawaka. Huyo usimchezee. Katika FX2N isiyo na kaseti ya kumbukumbu, betri ndiyo inayoishika programu yenyewe. Ukiitoa betri ya zamani, mpya iingie ndani ya sekunde 20.

Kundi la mwisho, D8060 hadi D8069, ni la makosa, na ningekuwa na uwezo wa kufundisha kundi moja tu ningefundisha hili. Nitoe mfano wa kweli. Mwenye kiwanda alitaka kumbukumbu ya joto kila nusu saa, usiku na mchana. Kijana niliyekuwa namfundisha akaandika programu nzuri: joto la kwanza liingie D200, la pili D201, na kuendelea, kwa kutumia rejista ya faharasa Z0. Hii nayo ni rejista yenye kazi maalumu, ingawa haimo kwenye eneo la D8000: thamani yake huongezwa kwenye anwani ya rejista nyingine. D200Z0, Z0 ikiwa 5, ni D205. Kwa hiyo kila nusu saa Z0 inaongezeka moja na kumbukumbu inasonga.

Ilifanya kazi siku nzima ya kwanza. Siku ya pili mchana kumbukumbu ikaacha kuongezeka. Tanuri linaendelea, taa ya hitilafu haijawaka, hita inatii. Kijana akaanza kukagua nyaya, kisha skrini, kisha akataka kuzima na kuwasha. Nikamzuia. Tukafungua laptopu tukasoma D8067: 6706. Msimbo huo unasema amri imetaja kisanduku kisichokuwepo. D8068 ikatupa namba ya hatua katika programu ilipotokea, na tulipokwenda kwenye hatua hiyo tulikutana na ile D200Z0. Z0 ilikuwa imefika 56. D200 na 56 ni D256, na rejista za kawaida za FX1S zinaishia D255. Visanduku 56, kila nusu saa kimoja, ni saa 28 kamili. Kosa la aina hii haliisimamishi PLC na haliwashi taa. Amri moja tu inarukwa kimyakimya, skani baada ya skani. Na kama angezima na kuwasha, Z0 ingeanza tena sifuri, kila kitu kingeonekana kimepona, tukaitwa tena baada ya saa 28 nyingine.

Wenye PLC za kampuni nyingine wana kurasa hizi pia, kwa majina tofauti. Siemens S7-200 wanaziita SM: SM0.1 ni mzunguko wa kwanza, SMW22 ni muda wa skani iliyopita kwa milisekunde. Omron wanazo kwenye eneo la A. Allen-Bradley SLC 500 wana faili la hali, S, ambapo S:6 inashika msimbo wa kosa kubwa na saa inakaa S:37 hadi S:42, ikianza na mwaka. Delta wanafanana na Mitsubishi kwa sura, na hapo ndipo penye hatari: skani ni D1010, saa inaanza D1313 kwa sekunde, lakini siku ya wiki inatangulia mwaka, si kuufuata. Usinakili programu kutoka moja kwenda nyingine ukidhani namba zitajipanga zenyewe. Na ukinunua PLC ya mtumba ya familia ya FX iliyofutika lebo, soma D8001 kabla ya lolote: ikianza na 22 ni FX1S, na tarakimu tatu zinazofuata ni toleo lake, 100 ikiwa na maana ya 1.00.

Ndani ya mlango wa paneli ya tanuri lile kuna karatasi iliyobandikwa kwa gundi, na penseli imefungwa kwa uzi. Ina safu tano: tarehe, D8012, D8067, D8068, na jina la aliyesoma. Tuliianzisha siku mashine ikiwa nzima, ili iwepo namba ya kulinganisha. Kila Jumamosi kijana huyo huyo huifungua, husoma na kuandika. Safu za D8067 na D8068 zimejaa sifuri kuanzia juu hadi chini, isipokuwa mstari mmoja, ule wa 6706, ambao ameuzungushia duara.